Njia za kuingia uchungaji wa Kilutheri ukiwa Mombasa

Upungufu wa wachungaji huonekana wazi kwenye daftari la ibada. Usharika ukiwa na mitaa mitano, yaani vituo vitano vya ibada, na mchungaji mmoja, kila mtaa unapata Chakula cha Bwana mara moja katika majuma matano, tena kama hakuna msiba, hakuna kikao cha dayosisi na feri ya Likoni haijakwama. Jumapili nne zilizobaki mwinjilisti ndiye anayebeba mzigo: anahubiri, anaombea wagonjwa, anafundisha kipaimara. Watoto wa kubatizwa wanangoja na wachumba wanangoja. Mtu akienda kusoma leo, kanisa litamwona madhabahuni baada ya miaka minne au mitano, na katika muda huo wachungaji wazee wawili watakuwa wamestaafu na makundi mapya yameanza kukutana kwenye mabanda na madarasa ya kukodi huko pembezoni mwa mji.

Kwa sababu hiyo njia za kuingia uchungaji zimeongezeka. Ipo ya chuo cha bweni, ipo ya kupandia uinjilisti, na ipo ya kusoma huku unafanya kazi. Hakuna kati ya hizo iliyo ya mkato. Tofauti yake ni mahali unaposomea, nani anakulipia, na kwa mpangilio gani masomo na utumishi vinafuatana.

Kanisa kwanza, chuo baadaye

Kosa linalowagharimu watu wengi zaidi ni kuanza na chuo. Kijana anajilipia ada miaka mitatu katika chuo cha Biblia mjini, anapata diploma, kisha anabisha hodi kwa mkuu wa jimbo akitaka kubarikiwa, yaani kuwekewa mikono awe mchungaji. Anajibiwa kwa upole kwamba kanisa halikumtuma. Jibu hilo lina msingi. Ungamo la Augsburg, tamko la imani la Walutheri la mwaka 1530, kifungu cha 14, linasema mtu asifundishe hadharani kanisani wala asitoe sakramenti bila kuitwa kwa utaratibu. Kwa Walutheri, cheti kinaonyesha kwamba umesoma, lakini wito unatoka kwa kanisa. Aliyesoma pasipo kutumwa mara nyingi hurudishwa darasani kusomea Maungamo ya Kilutheri (maandiko ya imani ya kanisa) na liturgia (utaratibu wa ibada), na ile miaka mitatu haihesabiki yote.

Kenya ina makanisa mawili makubwa ya Kilutheri na majina yake yanafanana mno, kiasi kwamba hata barua huenda ofisi isiyo yake. KELC (Kenya Evangelical Lutheran Church) chimbuko lake ni Walutheri waliotoka Tanzania, kwa hiyo msamiati na utaratibu wake unakaribiana sana na wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. ELCK (Evangelical Lutheran Church in Kenya) ilitokana na kazi ya wamisionari wa Kiswidi iliyoanza mwaka 1948 magharibi mwa Kenya, upande wa Kisii. Jua uko katika lipi, kwa maana tofauti zipo, na baadhi yake si ndogo. ELCK haiwabariki wanawake kuwa wachungaji. Ina huduma nyingine kwa ajili yao, ikiwamo ya udiakonia. KKKT iliamua mwaka 1990 kuwabariki. Dada anayesikia wito asianze kutafuta ada kabla hajapata jibu la kanisa lake kwa maandishi. Neno la mdomoni la mzee mwenye moyo mzuri halitoshi.

Ukishajua kanisa lako, jitokeze kwa baraza la wazee wa usharika. Barua iwe fupi na isifiche kitu. Mfano:

*Kwa Mwenyekiti, Baraza la Wazee wa Usharika. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mshiriki wa mtaa wa … Nilibatizwa tarehe … na nikapata kipaimara tarehe … Nimekuwa nikifundisha shule ya Jumapili tangu mwaka … Naomba baraza linisikilize kuhusu nia yangu ya kuingia mafunzo ya uchungaji. Mke wangu anajua, amekubali, na atafika pamoja nami. Elimu yangu ni kidato cha nne, gredi … Nina mkopo wa SACCO wa shilingi … unaokwisha mwezi … Wakati baraza linaomba na kulipima jambo hili, niko tayari kwa kazi yoyote ya mtaani mtakayonipa.*

Ule mstari wa mkopo ndio watu huuruka, na ndio unaoleta aibu. Ukiingia chuoni mshahara unakatika, marejesho yanasimama, na SACCO inawageukia wadhamini. Wadhamini hao mara nyingi ni washiriki wenzako, wanaokaa benchi moja na mama yako. Maliza deni kwanza, au kubaliana na SACCO upya kabla hujaondoka.

Mstari wa mke au mume nao una kazi yake. Wazee watamuuliza yeye moja kwa moja: utahama Mombasa ukipangiwa usharika wa mbali? Biashara yako ya mitumba au kazi yako ya hospitali itakuwaje? Mkienda na majibu mawili yasiyolingana, faili linawekwa kando bila maelezo.

Katika mahojiano hayo ya kwanza, Katekisimu Ndogo ya Luther haina budi kuwa kichwani. Ni ya mwaka 1529 na ina sehemu sita: Amri Kumi, Imani, Sala ya Bwana, Ubatizo, Maungamo na Chakula cha Bwana. Watahiniwa wengi huzijua tatu za kwanza na kukwama kwenye zile za mwisho, yaani kwenye sakramenti, na kumbe hizo ndizo watakazokabidhiwa kuzitoa.

Baraza likiridhika, jina linapelekwa kwa mkuu wa jimbo, kisha kwenye kamati inayoshughulikia watumishi, hadi kwa askofu. Kamati za namna hii hukaa mara chache kwa mwaka. Muulize katibu tarehe ya kikao kijacho na siku ya mwisho ya kupokea majina, maana barua iliyofika siku moja baada ya kikao hungoja miezi. Vyuo vikuu vya Tanzania hufungua maombi katikati ya mwaka na masomo huanza Oktoba au Novemba, kwa hiyo anayetaka kuingia mwaka huu anapaswa kuwa mbele ya wazee wake kufikia Januari.

Karatasi

Tayarisha cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE (mtihani wa kidato cha nne), cheti cha ubatizo na cha kipaimara, cheti cha ndoa kama umeoa au umeolewa, na cheti cha mwenendo mwema. Hicho cha mwisho huombwa kwa eCitizen, halafu unakwenda kuchukuliwa alama za vidole. Mombasa unaweza kufanya hivyo Huduma Centre. Pasipoti nayo ianze mapema ikiwa unaelekea Tanzania, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe ndani yake.

Kinachokwamisha zaidi ni majina. Pwani mtu huweza kuwa Katana Charo kwenye kitambulisho, Charo Katana kwenye KCSE, na Emmanuel C. Katana kwenye cheti cha ubatizo. Usharikani kila mtu anamjua, lakini ofisi ya udahili inaona watu watatu. Linganisha vyeti vyote siku moja mezani, herufi kwa herufi. Tofauti ndogo humalizwa kwa kiapo mbele ya wakili. Cheti cha ubatizo hurekebishwa na usharika uliokitoa, kwa hiyo tafuta daftari lao kabla mchungaji aliyeliandika hajahamishwa.

Chuo cha bweni

Njia hii ndiyo ndefu, ghali, na bado ndiyo imara kuliko zote kwa kijana asiye na familia kubwa. Kwa Mwafrika Mashariki Mlutheri, jina linalotajwa kwanza ni Makumira, pale Usa River kwenye barabara ya Moshi kwenda Arusha. Mafunzo yake yalianzia Lwandai, Lushoto, mwaka 1947, yakahamia Makumira mwaka 1954, na sasa ni chuo kikuu. Kutoka Mombasa unapita Voi, Taveta na mpaka wa Holili, kisha Moshi. Kwa ELCK, chuo cha nyumbani ni Matongo, karibu na Sondu. Kuna pia St Paul's, Limuru, chuo cha ushirika wa makanisa kadhaa ya Kiprotestanti. Wengi wa Mombasa hawajui kwamba hicho kilizaliwa hapahapa: kilianza Freretown mwaka 1903 kama shule ya Waanglikana ya kuwaandaa watumishi, kikahamia Limuru mwaka 1930. Ukisoma chuo kisicho cha Kilutheri, kanisa lako huenda likakuongezea masomo ya Maungamo na liturgia. Liulize hilo kabla, ujue ni muhula mmoja au mwaka.

Shahada ya theolojia kwa kawaida ni miaka minne, na lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Kenya, mlango wa shahada ni KCSE ya C+, na wa diploma ni C-. Aliye chini ya hapo aanze na cheti, apande diploma, kisha shahada; inachukua muda mrefu lakini hatua zote zinatambulika. Kwa chuo cha Tanzania, KCSE hulinganishwa kwanza na NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, na matokeo ya ulinganisho yanaweza kukupeleka diploma badala ya shahada, kwa sababu mfumo wao una kidato cha tano na sita. Fanya ulinganisho huo kabla ya kulipa chochote. Ada nayo ilipwe kwenye akaunti ya chuo au namba rasmi ya malipo iliyo kwenye barua ya udahili. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu, hata awe na cheo gani, simama.

Somo linaloangusha wengi mwaka wa kwanza ni Kigiriki. Kiebrania humsumbua mtu kidogo kwa konsonanti zake 22 na kusomwa kutoka kulia kwenda kushoto, ingawa mkazi wa Mombasa aliyekulia kati ya maandishi ya Kiarabu hashtuki sana. Kigiriki kina herufi 24 tu, na ugumu wake uko kwenye vitenzi. Dawa ni kuanza kabla ya chuo. Maneno yanayojitokeza mara 50 au zaidi katika Agano Jipya ni kama 310 hivi, na hayo peke yake hufanya karibu asilimia 80 ya maandishi yote. Maneno matano kwa siku, kila siku, ni miezi miwili na siku chache. Anayefika chuoni na maneno hayo kichwani anabaki na sarufi tu ya kupigana nayo. Anayefika mikono mitupu anapigana na vyote viwili, huku insha za historia ya kanisa zikimsubiri.

Bajeti ya bweni ina mafungu yanayosahaulika: nauli za likizo, vitabu, kibali cha mwanafunzi mgeni, na familia iliyobaki nyumbani. Kodi ya nyumba Mikindani au Kisauni haingoji muhula uishe, na michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, ya mke na watoto inapaswa kuendelea, la sivyo ugonjwa mmoja unamrudisha mwanafunzi nyumbani. Dayosisi ikikulipia, kuna mkataba wa kurudi kutumika. Usome wote. Uwe umeandikwa miaka mingapi utatumika, nini kitatokea ukishindwa mtihani, na nani atalipa mwaka wa ziada ukihitajika. Mikataba ya maneno huvunjika askofu anapobadilika.

Kupandia uinjilisti

Kwa mtu wa miaka 35, mwenye watoto na gredi ya D+, njia hii ndiyo ya kweli, na kwa maoni yetu ndiyo iliyobeba makanisa yetu zaidi kuliko inavyosifiwa. Mtu anaanza kwa kujitolea mtaani. Baada ya muda anatumwa chuo cha Biblia kwa mwaka mmoja au miwili, akisoma kwa Kiswahili. Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, si mbali na mpaka wa Taveta, kina historia ndefu ya kuwafundisha watumishi wa namna hii. Anarudi kuwa mwinjilisti, anatumika miaka kadhaa, halafu kanisa linampendekeza kwa kozi ya uchungaji ya ngazi ya cheti au diploma.

Kinachoamua kama atapendekezwa ni kazi inayoonekana, kwa hiyo aiandike. Daftari la kawaida la kurasa 200 linatosha. Kila Jumapili andika tarehe, somo lililohubiriwa, idadi ya waliohudhuria, sadaka iliyohesabiwa na nani waliihesabu. Wasiwe chini ya wawili, na mwinjilisti asiwe mmoja wao. Kurasa za nyuma ziwe za wanafunzi wa kipaimara na mahudhurio yao, wagonjwa waliotembelewa, na waliohama. Mkuu wa jimbo akija kukagua, daftari la miaka mitatu lililojazwa bila mapengo linamsemea mwinjilisti kuliko barua kumi za sifa.

Mahubiri yaandikwe yote kwa miaka miwili ya kwanza. Maneno 1,500 ya Kiswahili yakisomwa kwa utulivu ni kama robo saa, na robo saa inatosha. Asiyeandika huishia kuhubiri mambo yaleyale matatu, kila Jumapili kwa andiko tofauti. Fuata masomo ya kalenda ya kanisa badala ya kuchagua unayoyapenda. Nidhamu hiyo ndiyo itakayopimwa chuoni.

Mpaka wa sakramenti uujue vizuri. Mwinjilisti haongozi Chakula cha Bwana wala habatizi katika hali ya kawaida. Ubatizo wa dharura ni jambo jingine: mtoto akiwa hatarini usiku, Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Mimina maji kichwani mara tatu huku ukilitaja jina la mtoto na kusema unambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Wawepo mashahidi wawili kama inawezekana. Andika saa, tarehe, mahali, majina ya wazazi na ya mashahidi, na mpe mchungaji taarifa mapema iwezekanavyo ili iingie kwenye daftari la usharika. Mtoto akipona habatizwi tena. Analetwa kanisani ubatizo wake uthibitishwe mbele ya washiriki. Wainjilisti wengi hufanya sehemu ya kwanza vizuri na kusahau kuandika, na miaka kumi na mbili baadaye mtoto anafika kipaimara bila ushahidi wowote.

Njia hii ina mtego mmoja mkubwa. Mwinjilisti akiwa hodari, wazee hawataki kumwachia, kwa kuwa mtaa utabaki mtupu. Hawasemi hapana, wanasema "mwaka ujao". Ili usinaswe, tangu mwaka wa kwanza waandae watu wawili wa kuongoza ibada, wapangie zamu angalau Jumapili moja kwa mwezi kila mmoja, na mapema kabisa uliombe baraza liandike kwenye muhtasari wa kikao mwaka ambao jina lako litapelekwa. Muhtasari uliotiwa sahihi hauzungushwi kirahisi.

Kusoma huku unafanya kazi

Mafunzo ya theolojia kwa njia ya mbali, ambayo wengi huyaita kwa herufi tu, TEE (Theological Education by Extension), yalianza Guatemala mwaka 1963, katika seminari ya Wapresbiteri. Waligundua kwamba waliotolewa vijijini kwenda kusoma mjini hawarudi vijijini, na walioongoza makanisa hasa walikuwa watu wazima wasioweza kuacha mashamba. Wakaamua kumpelekea mwanafunzi masomo nyumbani kwake. Mpango ukaenea Afrika nzima, Kenya ikiwamo. Kama jiko la mafiga matatu, unategemea mambo matatu kwa pamoja: kitabu cha kujisomea, kikundi kinachokutana na mkufunzi, na kazi halisi usharikani. Ondoa moja, chungu kinamwagika.

Panga saa tano au sita za kusoma kwa juma na saa mbili za kikundi. Kwa anayefanya kazi za zamu bandarini Kilindini, ratiba ya "kila Jumanne jioni" itakufa mwezi wa pili. Pangeni siku ya kikundi baada ya kuona ratiba ya zamu ya mwezi mzima, na muwe watano hadi wanane: chini ya hapo wawili wakikosa hakuna kikundi, juu ya hapo wawili ndio wanaosema na wengine wanasikiliza. Sauti za WhatsApp zinafaa kukumbushana na kuulizana, lakini hazichukui nafasi ya mkufunzi aliyeketi mbele yako na kuuliza kwa nini umeandika ulichoandika.

Kuna mambo mawili ambayo kitabu hakiwezi kuyafundisha: kuongoza liturgia na kuhubiri mbele ya watu. Dai kwamba mkufunzi au mchungaji akusikilize mara nne kwa mwaka, akae benchi la nyuma, akuandikie maoni ukurasa mmoja. Na kabla ya kujiandikisha, pata barua kutoka dayosisini inayosema masomo haya yatahesabiwa kuwa nini: cheti cha uinjilisti, sehemu ya diploma, au ya kujijenga tu. Watu wamesoma vitabu vyote hadi cha mwisho ndipo wakaambiwa ilikuwa ya kujijenga.

Hapa pia ndipo matapeli walipo. Mtandaoni kuna "vyuo" vinavyotoa shahada ya uzamivu ya theolojia kwa miezi mitatu na joho juu yake. Chuo kikuu cha kweli Kenya kinatambuliwa na CUE, tume ya serikali ya elimu ya vyuo vikuu, na jina lake unaweza kulikagua. Joho lisikupofushe.

Walutheri wa kwingine

Upungufu si wetu peke yetu. Marekani, ELCA, kanisa kubwa la Kilutheri la huko, huwataka watahiniwa wa njia ya kawaida wasome shahada ya uzamili ya uungu, pamoja na mwaka mzima wa mazoezi usharikani na mafunzo ya huduma za hospitalini, ambayo kipindi chake kimoja ni saa 400. Kando ya hiyo wana mpango uitwao TEEM kwa viongozi ambao tayari wanahudumia makundi yasiyo na mchungaji. Sinodi ya Missouri, kanisa jingine la Kilutheri la hukohuko, ina mpango wa SMP, uliopitishwa mwaka 2007: mtu anasoma akiwa kwenye usharika wake chini ya mchungaji mlezi, anabarikiwa kabla masomo hayajaisha, halafu anaendelea mpaka amalize. Ujerumani husoma theolojia chuo kikuu miaka mingi, wakafuatia na kipindi cha mazoezi cha miaka miwili au zaidi kati ya mtihani wa kwanza na wa pili.

Kwa msomaji wa Mombasa kuna tahadhari moja. Mipango ya namna ya SMP humfunga mtu kwenye huduma mahususi na chini ya mlezi. Haimpi uhuru wa kwenda popote, na kubarikiwa huko hakukufanyi mchungaji wa kanisa la Kenya mpaka kanisa la Kenya lenyewe likupokee.

Mwaka wa mazoezi, na baada yake

Njia zote hukutana hapa: kipindi cha kutumika usharikani chini ya mchungaji mlezi kabla ya kubarikiwa. Mkutane kila juma, saa moja, siku isiyobadilika. Mlezi mwenye mitaa mitano atakuwa na udhuru kila mara, na mwanafunzi asiyedai saa yake humaliza mwaka akiwa dereva na mbeba mkoba.

Mombasa ina kazi zake ambazo vyuo vya bara havizifundishi. Misiba ni mojawapo. Washiriki wengi wametoka Taita, Ukambani au magharibi, na maiti husafirishwa kwao. Ibada ya kuaga hufanyika hapa jioni, mazishi yako mamia ya kilomita. Mchungaji akisafiri na kila msiba, siku tatu zinakwenda na Jumapili inabaki wazi. Jifunze kuandika barua ya kumkabidhi marehemu kwa usharika wa kwao, yenye tarehe za ubatizo na kipaimara na jina la mzee wa kanisa wa kupigiwa simu, ili mwenzako wa kule aongoze mazishi.

Jingine ni ujirani na Waislamu. Hudhuria vikao vya viongozi wa dini mbalimbali, kama vile vya CICC, baraza la viongozi wa dini wa Pwani, ukiwa bado mwanafunzi. Utajua nani wa kumpigia siku kijana wa usharika na binti wa jirani Mwislamu watakapotangaza wanataka kuoana, na mikutano ya injili ya hadhara hutaipanga jirani na msikiti wakati wa tarawehe.

Kubarikiwa kwenyewe hufanywa na askofu pamoja na wachungaji wengine wakikuwekea mikono, na kwa kawaida hakufanyiki bila barua ya wito yenye jina la kituo. Barua hiyo itaje posho au mshahara, nyumba, usafiri na likizo. Usharika ukisema "tutaangalia", mwombe mkuu wa jimbo waangalie kabla ya siku hiyo.

Halafu ofisi ya msajili wa ndoa. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, ndoa ya Kikristo hufungishwa na mhudumu mwenye leseni ya serikali. Mchungaji mpya asiye nayo anaweza kuhubiri arusini na kuwaombea maharusi, lakini cheti asikitie sahihi. Ombi la leseni lipelekwe na kanisa juma lilelile la kubarikiwa, na mpaka itakapotoka, arusi zote zilizo kwenye kalenda zipangiwe mchungaji wa usharika wa jirani, na majina ya wachumba apewe kwa maandishi.